Matundu Mawili ya Dramu

Dobi alifika kwenye uwanja wa magari yaliyokamatwa saa mbili kasoro robo asubuhi, akakuta dirisha la karani limefungwa na juu yake pamebandikwa karatasi: NARUDI SASA HIVI. Karatasi ilikuwa imepauka. Dobi, mtu ambaye kwa miaka ishirini na miwili amekula kwa kujua nguo ipi imekaa juani muda gani, aliikadiria miezi minne.

Hiyo sasa hivi ilikwisha saa tatu na nusu. Karani alifungua dirisha kwa uso wa mtu aliyeamshwa nyumbani kwake.

"Mzee, wewe tena?"

"Mimi tena, mkuu. Leo ndiyo siku ya mwisho."

"Ya arobaini na tano, najua. Saa kumi kamili jioni. Likikutwa ndani, kesho linaingia mnadani." Alionyesha kwa kidole gumba ukutani nyuma yake, palipotundikwa kurasa kumi na moja ndani ya plastiki. "Mwongozo ndivyo unavyosema. Si mimi."

Dobi aliujua mwongozo ule kuliko alivyojua nyimbo za ujana wake. Gari lilikuwa limekamatwa mteremkoni. Askari wa barabarani alimwambia avute breki ya mkono, aachie ya mguu. Gari likateleza hatua moja, tuseme na nusu. Kosa: breki ya mkono haishiki. Askari alikuwa na haki, maana waya wa breki ulikuwa umelegea. Gari likaletwa hapa, na shuka za watu zikiwa ndani. Mtumishi wa uwanja, kwa kuufuata mwongozo ukurasa wa tatu, akaivuta breki ileile mpaka jino la mwisho, kwa sababu kila gari liingialo lazima livutwe breki ya mkono, hata kama uwanja wenyewe ni tambarare kama meza. Kisha mvua zikanyesha wiki sita.

Dobi alipokwisha kukusanya mihuri yote na kuja na waya mpya, alikuta magurudumu ya nyuma hayazunguki. Kutu ilikuwa imevigandisha viatu vya breki, vile vyuma vinavyobana gurudumu lisimame, ndani ya dramu zake. Gari lililokamatwa kwa sababu breki haishiki sasa lilizuiliwa kwa sababu breki haiachii. Na ukurasa wa saba ulisema gari la mwenyewe litoke kwa magurudumu yake. Kuliburuta ni marufuku, na lori la kubebea huingia kwa ajili ya mnunuzi wa mnada peke yake.

Ukicheka, cheka, lakini mwenye gari hakuwa na nafasi hiyo. Kwa wiki sita alikuwa akibeba mafurushi kwa baiskeli. Shuka nyeupe zilizofuliwa, zikapigwa pasi na kukunjwa pande nne, zilikuwa zinafika kwa wenyewe na alama ya vumbi la barabarani. Kati ya nyumba tano za wageni alizofulia, mbili zilikwisha kumwambia asije tena. Tatu zilimpa mpaka mwisho wa wiki. Bila gari hakuna nyumba za wageni, na bila nyumba za wageni angebaki na mashati ya majirani.

Jana yake alimleta fundi mwenye nyundo kubwa na maneno makubwa zaidi. Fundi yule aliipiga dramu ya kushoto mpaka ukingo wake ukameguka kipande cha ukubwa wa ukucha, akalazimisha bolti isiyo yake kwenye tundu moja, bolti ikakatikia ndani. Akafuta mikono, akasema gari limezeeka, akaondoka.

Usiku Dobi hakula. Mkewe alimtazama, akasema, "Mume wangu, umebakiza aibu moja tu. Itumie."

Aibu yenyewe ilikuwa ni mdogo wa mkewe. Mwanamke huyo alikuwa fundi magari kwa miaka kumi na saba, na kwa miaka yote hiyo Dobi hakuwahi kumpa gari lake hata kukaza nati. Kwenye kila shughuli ya ukoo alikuwa akimuuliza mbele za watu, "Shemeji, leo umekula spana ngapi?" na watu wakicheka. Shemeji naye alikuwa akicheka. Dobi alikuwa na hakika kwamba utani ni utani tu. Alipompigia simu saa nne ya usiku, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyemtukana.

Shemeji hakuuliza swali zaidi ya moja. "Dramu mlishaigonga ukingoni?"

"Tumeigonga."

"Basi msiiguse tena. Nakuja asubuhi."

Na kweli alikuja, saa nne kasoro, kwa miguu, na ndoo ya plastiki yenye vifaa kwenye mkono mmoja na jeki kwenye mkono wa pili. Alikuwa mfupi, amevaa suruali iliyokwisha kusahau rangi yake. Dobi aliitazama ile suruali kwa jicho la kazi akajua kwamba hakuna sabuni duniani ya kuiweza.

Karani alichukua fomu ya kibali cha fundi. "Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Huyu hapa," alisema Dobi.

Karani alichungulia nyuma ya shemeji, kulia, kisha kushoto. Halafu akaandika kitu.

"Umeandika msaidizi," alisema shemeji, akisoma maandishi juu chini. "Futa. Andika fundi. Msaidizi ni huyu mrefu."

Karani alimtazama Dobi. Dobi alikohoa. "Andika hivyo hivyo, mkuu."

Mlinzi wa geti, mtu wa makamo mwenye koti kubwa kuliko yeye, aliinua mti wa kizuizi na kuwasindikiza ndani. Magari yalikuwa yamepangwa safu kwa safu. Ya nyuma kabisa yalikuwa yameotwa na majani mpaka madirishani. La Dobi lilikuwa safu ya tatu, gari la zamani la rangi ya maziwa, mlango mmoja wa rangi nyingine. Mlinzi alitakiwa kurudi getini. Hakurudi.

Shemeji hakutoa nyundo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuingia ndani ya gari, kuishusha breki ya mkono na kulegeza waya wake mpaka ukaning'inia. Akaweka mawe mbele ya magurudumu ya mbele, akainua upande wa kulia kwa jeki, akaingiza gogo chini ili jeki ikikosea gogo lisikosee. Akafungua gurudumu. Pale palipobaki palikuwa na dramu, chungu cha chuma kilichofunikwa kifudifudi, chekundu kwa kutu kila mahali.

"Sasa piga," alisema Dobi.

"Nipige nini? Imekukosea nini?"

Alilala chali kwenye changarawe, akatambaa mpaka nyuma ya gurudumu, akabandua kizibo kidogo cha mpira. Dobi hakujua kama pale pana kizibo. Alikuwa amelimiliki gari lile miaka kumi na minne.

"Shemeji, njoo ulale hapa. Hiyo suruali yako utaifua mwenyewe, ndiyo kazi yako."

Dobi alilala. Kifua chake kilikuwa juu ya mawe, shavu lake karibu na tairi la akiba.

"Humo ndani kuna kijigurudumu chenye meno, kidogo kama kifungo cha koti. Kila breki ikilika, kinajizungusha jino moja, kinavisogeza viatu karibu na dramu. Miaka yote hiyo kimekuwa kinasogea tu mbele. Nataka kukirudisha nyuma. Lakini kuna kijiulimi kinakizuia kisirudi. Wewe shika waya huu, ukisukume hicho kijiulimi. Kiasi hiki tu. Ukizidisha unakichomoa, na tutalia wote."

"Sikioni."

"Mimi pia sikioni. Shika."

Dobi alishika waya. Shemeji aliingiza bisibisi bapa kwenye lile tundu, akafumba macho. Uso wake ulitulia kabisa. Dobi alimwona mtu akisikiliza kwa ncha za vidole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasahau saa. Kisha kukasikika *tik*, kidogo mno, ndani kabisa ya chuma.

"Moja," alisema shemeji.

*Tik.* "Mbili."

Alihesabu mpaka kumi na nane. Dobi alikuwa ameshika waya mpaka mkono ukafa ganzi, na asingeuachia kwa fedha ya mtu yeyote. Kitu kidogo kama kifungo kilikuwa kimelala gizani miaka kumi na minne kikifanya kazi yake, jino kwa jino, bila kuombwa, na mwanamke huyu alikuwa akizungumza nacho kwa bisibisi. Moyo wake ulijaa kitu ambacho hakuwa amekuja nacho.

Kisha shemeji alinyunyiza mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya gia pale katikati dramu inapokumbatia kitovu chake, akakaa kitako, akafunga mikono.

"Tunangoja nini?" aliuliza Dobi. Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

"Mafuta yaingie. Wewe doa la kutu kwenye shuka unalitoaje?"

"Kwa ndimu. Unapaka, unaacha. Ukilisugua unatoboa shuka."

"Sasa kwa nini jana ulileta mtu wa kusugua?"

Mlinzi alicheka mpaka koti likatikisika.

Baada ya nusu saa shemeji alichukua msumari, akaanza kukwangua uso wa dramu. Kutu ilidondoka vipande vipande, na chini yake yakatokea matundu mawili madogo, yakitazamana, yamekatwa uzi ndani kama ya kuingizia bolti. Hayakuwa na bolti. Hayakuwa yameshika kitu chochote.

"Hayo ni ya nini?" aliuliza mlinzi.

"Ya leo." Shemeji alitoa bolti mbili ndani ya kitambaa, akaziingiza kwa vidole. "Hayafungi kitu. Bolti ikiingia inakutana na chuma cha nyuma, na ukiendelea kukaza, dramu inajisukuma yenyewe nje. Robo huku, robo kule."

"Nani aliyatoboa?"

"Aliyelichora gari. Alijua iko siku litashika kutu, na mtu atakaa hapa chini kama sisi."

Dobi aliyatazama yale matundu. Mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, kabla hata yeye hajaoa, alikaa mezani na penseli akamfikiria. Si yeye kwa jina. Alifikiria tu kwamba pana mtu atakwama, akamwachia njia. Dobi alihisi machozi yanamlenga, akaona haya kulia kwa ajili ya tundu la bolti, akajifanya vumbi limemwingia.

Robo huku, robo kule. Shemeji sasa alichukua nyundo, nyundo ndogo, akagonga uso wa dramu katikati ya bolti za gurudumu, taratibu, akizunguka. Robo huku. Robo kule. Ikalia *ka!* kwa sauti iliyowashtua wote watatu, na mwanya mwembamba kama uzi ukatokea kati ya dramu na chuma cha nyuma. Dakika mbili baadaye dramu ilikuwa mikononi mwake.

Aliifuta ndani kwa kitambaa kilicholowa, vumbi lisiruke, kisha akajisogeza ili Dobi aone. Viatu viwili vilivyopinda vimetazamana, springi juu, springi chini, pini zake, kile kijigurudumu katikati. Kila kitu kilikuwa mahali pake na kila kitu kilikuwa kimeshikwa na kingine.

"Mungu wangu," alisema Dobi. "Kumbe nilikuwa natembea na hiki."

Ilikuwa saa saba na robo. Upande wa kushoto ulikuwa umebaki, ule uliokwisha kuharibiwa.

Kijigurudumu cha kushoto kilirudi vizuri. Mafuta yaliingia. Lakini tundu moja lilikuwa limezibwa na bolti iliyokatikia ndani, na kwa bolti moja dramu ilijaribu kutoka kwa upande, ikapinda, ikajikaza zaidi. Shemeji alijaribu, akalegeza, akajaribu tena. Saa nane na nusu aliketi chini. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye grisi ya uso wake.

"Ningekuwa na gesi, dakika tano tu. Dramu ikipata moto inatanuka, inaachia."

Karani alikuwa amekuja kunyoosha miguu. "Moto hauruhusiwi uwanjani," alisema. "Ukurasa wa tano."

Dobi aliangalia mikono yake, mikono myeupe kwenye vidole, yenye mikunjo ya mtu aishiye majini. Kisha akasema, polepole, maana hakuzoea kusema jambo mbele ya fundi:

"Mfuniko wa chuma wa chupa yangu ya dawa ya madoa ukiganda, naumwagia maji yanayochemka. Unafunguka."

Shemeji aligeuka akamtazama.

"Mkuu," Dobi alimuuliza karani, "maji ya moto ni moto?"

Karani alifungua mdomo. Alifikiria ukurasa wa tano, akafikiria na wa sita. "Maji hayajatajwa," alikiri.

Mlinzi alikuwa ameshakimbia. Kibandani mwake alikuwa na birika la umeme la chai, na birika lile lilichemka mara nne mchana huo. Dobi ndiye aliyemimina. Hiyo ilikuwa kazi yake na aliijua: si kumwaga, bali kutiririsha, mkondo mwembamba, ukizunguka uso wa dramu bila kukatika, ili chuma kipate joto sawasawa. Mvuke ulipanda na harufu ya kutu. Shemeji alikuwa amepiga magoti kandoni, spana kwenye bolti moja, nyundo mkono wa pili, akikaza hapa na kugonga upande wa pili.

"Mimina. Usiache. Mimina, shemeji."

Birika la nne lilikuwa karibu kwisha dramu ilipotoka. Haikulia *ka* safari hii. Iliteleza tu, taratibu, kama mtu aliyebembelezwa akakubali. Mlinzi alishika kichwa kwa mikono miwili. Dobi alibaki ameinamisha birika tupu.

Shemeji alikausha, akasugua viatu kwa msasa, akafunga waya mpya wa breki ya mkono, akarudisha dramu zote mbili na magurudumu. Alipomaliza, Dobi aliisukuma milango ikajifunga, akawasha, na gari likatembea. Lilitembea mita tano mbele na mita tano nyuma. Karani alilitazama likienda, akatazama saa yake: kumi kasoro dakika kumi na tisa. Hakuangalia breki wala hakugusa gurudumu. Breki ile iliyolileta gari hapa hakutaka hata kuiona ikivutwa.

"Limetembea," alisema, na akaweka tiki.

"Miaka mitatu niko hapa," alisema mlinzi. "Hili ndilo la kwanza kutoka na mwenyewe."

"La pili," alisema karani. "La kwanza lilikuwa pikipiki."

Shemeji alikuwa anafuta spana zake moja moja. "Bosi, kwa nini mnavuta breki? Pangeni jiwe mbele ya gurudumu, inatosha. Mawe mnayo."

"Mwongozo."

"Na magari ya mnada hununuliwa na nani?"

"Na wenye malori," alisema karani, akielekea dirishani kutafuta muhuri. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Dobi alisimama kando ya gari lake. "Shemeji, haya mengine je?"

"Yale ya nyuma yameshaganda. Haya ya safu ya mbele," alisema, akionyesha kwa spana, "yameingia wiki hii. Hayajashika kutu bado. Mvua moja tu ikinyesha, basi."

Dobi alihesabu. Saba. Milango haikufungwa kwa ufunguo, ukurasa wa tatu uleule. Maishani mwake hakuwahi kugusa kitu cha watu bila karatasi, hata kifungo kilichodondoka kwenye shati alikiandikia karatasi na kukirudisha. Aliokota jiwe, akalikaza kwa kisigino mbele ya gurudumu la gari la kwanza, akafungua mlango, akashusha breki ya mkono. Halikusogea hata kidogo. Akaenda la pili. Juu ya kiti chake palikuwa na miwani ya mtu na mkate uliokauka. La tatu lilikuwa na vitabu vya shule. Alipokuwa amemaliza la nne, karani alitoka na muhuri.

"Mzee, unatafuta nini huko?"

"Bolti, mkuu. Ilinidondoka."

Karani aligonga muhuri kwenye karatasi tatu, moja baada ya nyingine, akarudi kibandani kufunga dirisha. Ile karatasi iliyopauka ilirudi mahali pake.

Dobi aliendesha. Shemeji aliketi pembeni yake na ndoo mapajani. Walipofika getini mlinzi aliinua mti, akatazama safu ya mbele, akatazama mawe manne, kisha akamtazama Dobi. Dobi alikaza macho barabarani.

Walipita. Barabarani shemeji alisema, "Haya, niulize basi. Leo nimekula spana ngapi?"

"Nisamehe, shemeji."

"Ningekusamehe zamani kama ungeniletea gari zamani."

Dobi aliangalia kwenye kioo. Mti wa geti ulikuwa umeshashuka. Nyuma yake mlinzi, na koti lake lile kubwa, alikuwa ameinama kwenye gari la tano, akiweka jiwe na kulikaza kwa kisigino.